Kipande cha sabuni kisitupwe, wala kisifanywe sadaka

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Apendaye wenye kutubia na Apendaye wenye kujitakasa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo mno kuandikwa katika ukurasa wa dini, nalo ni sabuni. Katika kila nyumba kuna kile kipande chembamba kinachobaki sabuni inapokaribia kwisha. Hakishikiki vizuri mkononi, huteleza, huanguka penye mfereji wa bafu, na mwisho hutupwa, ikafunguliwa sabuni mpya. Hufanyika hivyo bila mtu kufikiri. Nasi tunasema kwamba katika kipande hicho mna mafundisho mawili ya dini yetu, na hayatenganishwi. La kwanza ni kutofanya israfu katika neema ya Mwenyezi Mungu, hata ikiwa ndogo. La pili ni kwamba tunapompa mwenzetu, tumpe kilicho kizuri. Mwenye kulishika la kwanza peke yake huishia kwenye ubahili, na mwenye kulishika la pili peke yake hufika siku akakosa cha kutoa.

Tunapolisema hili tunaikumbuka Idodi. Wasomaji wetu wa Iringa wanaijua. Ni tarafa iliyoko katika Wilaya ya Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mahali ambapo wananchi hulima mahindi na mpunga. Wengine wengi nchini walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti mwaka 2009, katika siku za mwanzo za Ramadhani, pale bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi lilipoungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki dunia, na wengine wakajeruhiwa. Nchi nzima ilihuzunika. Msiba ule haukuchagua dini wala kabila, na hadi leo tunawaombea wazazi wale subira na malipo mema kwa Mola wao.

Mtu aliyewahi kusoma shule ya bweni anaelewa kinachoteketea bweni linapoungua, mbali na roho za watu ambazo hazina thamani ya kulinganishwa nazo. Ni sanduku la bati. Na ndani ya sanduku hilo ndimo ulimo ulimwengu wote wa mwanafunzi: sare ya pili, daftari, shuka, kanga, kitana, mswaki, na sabuni ambayo mzazi aliigawa kwa hesabu ili imfikishe mwanawe hadi likizo. Msiba unapotokea, watu huona kwamba mtoto hana sabuni, wakakimbia kumchangia. Hilo ni jema na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye bweni lake halikuungua, na bado sanduku lake halina sabuni, kwa kuwa mpunga haukuvunwa vizuri mwaka huo, au kwa kuwa baba amefariki. Huyo hatangazwi redioni. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia.

Itakumbukwa kwamba mwezi wa Januari mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/2023 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, vifaa vya usafi wa mtoto mwenyewe vimebaki kuwa mzigo wa mzazi. Sabuni ya kuogea, sabuni ya kufulia, dawa ya meno, taulo za kike, ndoo ya kuogea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofikia bei ya ada, lakini vikijumlishwa kila mwezi humshinda mjane wa kijijini. Wako pia wanafunzi ambao hawakai bwenini bali hupanga vyumba karibu na shule, kwa sababu nyumbani ni mbali. Hao hawana hata matroni wa kuwatazama na kuwauliza kama wameoga.

Basi tuirejee Qur'ani. Katika Suratul Maa'un, ambayo watoto wetu wa madrasa huihifadhi mapema kwa ufupi wake, Mwenyezi Mungu amewatahadharisha watu ambao wanaswali, lakini wanapuuza swala zao, wanajionyesha kwa watu, na wananyima maa'un. Neno hilo limefasiriwa na wanavyuoni kwa njia zaidi ya moja. Wako waliosema kuwa ni zaka, na imepokewa kutoka kwa sahaba Abdullah bin Masoud (r.a.) kuwa ni vile vyombo ambavyo watu hupeana na kuazimana majumbani, kama vile ndoo, chungu na shoka. Tazama basi, ndugu msomaji, namna ndoo ilivyotajwa jirani na swala! Anayemnyima mwenzake kitu kidogo cha matumizi ya kila siku ametiwa katika sura moja na yule anayeipuuza swala yake. Je, baada ya hapo tunaweza kusema kwamba sabuni ni jambo dogo?

Wala si jambo dogo kwa upande wa ibada yenyewe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tohara ni nusu ya imani, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim. Msichana aliyebaleghe anahitaji kujisafisha baada ya hedhi ili arudi katika swala. Kijana wa kiume anahitaji kuoga janaba. Ni kweli kwamba wajibu unatimia kwa maji peke yake, na haiwi sharti kuwepo sabuni. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliamrisha kitu cha kusaidia maji pale usafi ulipohitajika zaidi. Alipofariki binti yake, aliwaambia akina mama waliokuwa wakimwosha watumie maji na majani ya mkunazi, na katika josho la mwisho watie kafuri, kama alivyosimulia Ummu Atiyya (r.a.). Majani yale ya mkunazi ndiyo yaliyokuwa sabuni ya watu wa zama zile. Ikiwa maiti wetu anastahiki kuoshwa kwa kitu kinachotakasa vizuri, basi aliye hai, anayekaa darasani na wenzake arobaini, anastahiki zaidi kupata kitu hicho.

Kwa upande wa afya, wataalamu wanakadiria kwamba kunawa mikono kwa maji na sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja. Tuliyaona haya kwa macho yetu. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2015 na kusambaa katika mikoa mingi, na maradhi ya korona yalipoingia nchini mwaka 2020, kila mlango wa msikiti, soko na ofisi uliwekwa ndoo ya koki na sabuni pembeni. Ndoo zile leo ziko wapi? Nyingi zimegeuzwa za kuchotea maji, na penye sabuni hapana kitu.

Sasa tuingie katika fundisho la kwanza, la israfu. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu na kutujulisha kwamba wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Baadhi yetu tunapoisoma aya hiyo tunawafikiria matajiri wenye magari na majumba, tukajiona sisi tumesalimika. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), ameagiza kwamba tonge likimwanguka mmoja wetu aliokote, aondoe uchafu uliolishika na alile, wala asimwachie shetani. Na Anas (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, yaani takriban lita tatu au zaidi kidogo. Huo ndio mwenendo wa mtu ambaye lau angetaka milima iwe dhahabu angeombewa. Israfu basi haipimwi kwa ukubwa wa kitu; hupimwa kwa moyo unaokidharau.

Kwa hiyo, kipande cha sabuni kisitupwe. Mama na mabinti wanaweza kufanya yafuatayo bila gharama yoyote.

Kwanza, sabuni ikiwa bado nzima itunzwe isikae majini. Sabuni iliyoachwa sakafuni au kwenye kisahani kisicho na matundu huyeyuka ikawa uji, na sehemu kubwa huishia mferejini kabla haijamgusa mtu. Kisahani chenye matundu, au vijiti vichache vilivyopangwa chini yake, huifanya ikauke baada ya kila mmoja kuoga, na sabuni hiyo hudumu siku nyingi zaidi.

Pili, kipande chembamba kikibaki, kilowekwe kidogo pamoja na sabuni mpya hadi vyote vilainike, kisha vibanwe pamoja na kuachwa vikauke usiku kucha. Asubuhi vitakuwa kitu kimoja. Njia hii ni nyepesi kuliko zote na mtoto wa miaka saba anaiweza.

Tatu, vipande vikiwa vingi vikusanywe katika kifuko kilichoshonwa kwa wavu wa gunia la vitunguu, au vitiwe ndani ya dodoki lililopasuliwa na kushonwa tena. Kifuko kikining'inizwa karibu na choo, kwenye kibuyu chirizi au kwenye ndoo ya koki, watoto watanawa nacho bila kuiangusha sabuni mchangani.

Nne, vipande vikavu vikwanguliwe kwa kisu, vitiwe katika sufuria kuukuu na maji kidogo, viachwe vilainike, halafu vichemshwe kwa moto mdogo huku vikikorogwa mpaka viwe rojo. Rojo hiyo imiminwe katika kopo lililopakwa mafuta kidogo na kuwekwa kivulini kwa siku kadhaa hadi ikauke. Vipande vilivyokwanguliwa vikitiwa katika chupa ya maji na kutikiswa hutoa maji ya sabuni, ambayo yanafaa sana kwa kunawia mikono baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

Yapo ya kuchunga. Sabuni ya mche ya kufulia isichanganywe na ya kuogea, hasa kwa watoto wachanga, kwa sababu ni kali kwa ngozi. Kipande alichokitumia mtu mwenye upele au maradhi mengine ya ngozi akimalize mwenyewe. Tena, tujue kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, maji yaliyobadilika kwa sabuni hata yakawa hayaitwi tena maji matupu hayafai kwa udhu wala kwa josho la wajibu. Kwa hiyo anayeoga janaba au hedhi ajisugue kwa sabuni kwanza, aisuuze, kisha anuie na ajimiminie maji safi mwili mzima. Kwa utaratibu huo atakuwa amepata usafi wa mwili na tohara ya ibada kwa pamoja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye fundisho la pili, na ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini watoe katika vizuri walivyovichuma, na anawakataza kukusudia vile vibaya wakavitoa, ilhali wao wenyewe lau wangepewa wasingevipokea ila kwa kuvifumbia macho. Kipimo hicho ni rahisi mno. Kabla ya kutoa, jiulize kama ungekipokea. Tumekwisha kuona katika michango ya misikitini na ya misiba mizigo inayoletwa ikiwa na nguo zisizo na vifungo, viatu vya mguu mmoja, na sabuni zilizotumika ambazo bado zina unywele. Anayeleta hudhani ametoa sadaka, kumbe ametafuta jalala lenye thawabu. Yule yatima atakayeipokea sabuni hiyo hatatakasika nayo; atajifunza tu kwamba katika macho ya Waislamu wenzake yeye ni mtu wa mabaki.

Huenda mtu akauliza: je, mabaki ya sabuni hayawezi kamwe kumfaa mtu mwingine? Yanaweza, kwa sharti kwamba yafanywe upya na kwa usalama. Mfano upo kwa jirani yetu mzaliwa wa Uganda, Derreck Kayongo, ambaye familia yake ilikimbilia Kenya katika zama za Idi Amin, na ambaye baba yake alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Alipofika Marekani alishangaa kuona hotelini sabuni ikiondolewa kila siku na kuwekwa nyingine, ilhali ile ya jana imeguswa mara moja tu. Mwaka 2009, mwaka ule ule wa msiba wa Idodi, alianzisha mjini Atlanta mradi wa kukusanya sabuni hizo za hoteli. Lakini hakuzifunga katika gunia na kuzileta Afrika kama zilivyo. Zilisafishwa, zikasagwa, zikayeyushwa, zikapimwa maabara kuhakikisha hazina vijidudu, zikakatwa upya, ndipo zikapelekwa kwa wenye kuhitaji katika nchi mbalimbali. Ikiwa mabaki yanataka kazi yote hiyo ili yawe zawadi, basi sisi tusio na mitambo wala maabara tuyatumie majumbani mwetu, na kwa jirani tupeleke sabuni nzima iliyo katika karatasi yake.

Na hapo ndipo mafundisho mawili yanapokutana. Nyumba inayotumia vipande vyake hadi mwisho itajikuta inanunua sabuni chache zaidi kwa mwaka. Kile kilichookolewa ndicho sadaka. Isiwe tumebana ili fedha ziende kwenye anasa nyingine. Tumebana ili tupate cha kutoa. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Abu Dharri (r.a.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awaangalie majirani zake. Hakumwambia anunue mbuzi mwingine. Alimwonyesha namna ya kutoa kutokana na chungu kile kile.

Zawadi yenyewe iwe ya kawaida. Sabuni mbili za kuogea, mche mmoja wa kufulia, dodoki, mswaki, kitana, chupa ndogo ya mafuta ya nazi, na kwa binti, taulo za kike. Vyote vifungwe ndani ya kanga au taulo jipya ambalo nalo ni sehemu ya zawadi. Mwenye uwezo zaidi aongeze ndoo yenye mfuniko. Anayependa kitu cha kwetu anaweza kununua sabuni ya mwani inayotengenezwa na akina mama wa Paje, kule Unguja, akawa amewafaa wawili kwa mara moja. Asiye na uwezo huo na alete sabuni moja. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asiidharau zawadi kwa jirani yake hata ikiwa kwato la kondoo, na ametufundisha kwamba kupeana zawadi huleta mapenzi. Maneno hayo yanamhusu mtoaji asione haya kwa uchache wake, na yanamhusu mpokeaji asikunje uso.

Adabu za kutoa nazo zizingatiwe. Siku hizi umeenea mtindo wa kuwapanga wanafunzi mstari, kila mmoja akishika sabuni yake, ili wapigwe picha pamoja na wafadhili. Binti wa kidato cha pili anapigwa picha ameshika pakiti ya taulo za kike mbele ya wavulana wa darasa lake! Katika Suratul Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na hatujui udhia mkubwa kuliko huo. Apewe matroni au mwalimu wa malezi, ambaye anawajua wenye shida, awagawie kwa siri.

Wala tusiulize dini ya mtoto. Waislamu wa Iringa na Mbeya wanaishi nyumba kwa nyumba na Wakristo, wanasoma nao, wanazikana nao. Sahaba Abdullah bin Amri (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza mara mbili kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu yake, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) jinsi alivyohimiza haki ya jirani. Bweni ni ujirani wa vitanda. Ukimpelekea sabuni binti wa Kiislamu peke yake, na anayelala kitanda cha juu akawa hana, hujaifuata sunna hiyo.

Tunazishauri familia zetu zianze na muhula ujao. Siku mnapomfungia sanduku mwanenu anayerudi shule, fungeni na furushi moja la mtoto asiye wenu. Kamati za misikiti na madrasa za akina mama zinaweza kukusanya mafurushi hayo wakati wa Ramadhani ili yafike kabla ya Idd. Wenye nyumba za wageni, zikiwemo za barabara ya Ruaha, wanaweza kuyageuza mabaki ya sabuni za vyumbani kuwa ya kusafishia vyoo na sakafu, na kwa kilichookolewa wakanunua sabuni mpya kwa ajili ya shule iliyo karibu nao.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba walichinja kondoo, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nini kilichobaki. Akajibiwa kwamba hakikubaki kitu ila bega lake, kwa maana nyama nyingine yote ilikwisha kutolewa sadaka. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa yote imebaki, isipokuwa hilo bega. Hayo ndiyo mabaki ya kweli, ndugu Waislamu. Kipande kilichoko bafuni kwetu kitakwisha, hata tukitunze vipi; sabuni iliyofika katika sanduku la yatima ndiyo tutakayoikuta imehifadhiwa mbele ya Mola wetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu kama tunavyoitakasa miili yetu, atuepushe na israfu na ubahili, na awahifadhi watoto wetu wote walioko mabwenini na kila aina ya balaa. Amin.

Wabillahi taufiq.